FundiFix: Huduma ya Pampu Iliyozaliwa Chuo Kikuu

Ubia wa vyuo vikuu kuhusu maji aghalabu huishia kwenye warsha, ripoti na picha ya pamoja. FundiFix, inayotengeneza pampu za vijijini katika kaunti za Kitui na Kwale nchini Kenya, imevuka hatua hiyo, na kwa hiyo inastahili kupimwa kama huduma yoyote nyingine inayolipiwa.

Chimbuko lake ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, waliobuni kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mpini wa pampu ya mkono. Kifaa hicho hufuatilia mwendo wa mpini na kutuma taarifa kupitia mtandao wa simu, hivi kwamba pampu ikinyamaza, fundi hupata habari bila kungoja mwanakijiji afunge safari. Katika majaribio ya Kyuso, Kitui, muda wa wastani wa kurejesha pampu iliyoharibika ulishuka kutoka takriban siku 27 hadi chini ya 3.

Hata hivyo, nguvu ya huduma hii naiona zaidi katika mkataba kuliko katika kifaa. Kwale inazijua pampu za mkono za aina ya Afridev tangu miaka ya 1980, zilipofanyiwa majaribio huko; kilichokosekana hakikuwa chuma bali mtu wa kuwajibika chuma kikivunjika. Kamati ya maji iliachiwa yote, kuanzia kuchangisha fedha hadi kutafuta vipuri na kumsaka fundi. Chini ya FundiFix, jumuiya hulipa ada ya mara kwa mara hata pampu ikiwa nzima, nayo kampuni ya wenyeji hubeba dhima ya matengenezo. Hiyo ni bima, ijapokuwa haiitwi hivyo, na kwa kuwa pampu nyingi zimo katika kapu moja, gharama ya ile iliyoharibika vibaya haiangukii kijiji kimoja.

Manufaa ya kitaaluma nayo si haba. Watafiti walionyesha kwamba mitetemo ya mpini inaweza kusaidia kukadiria kina cha maji chini ya ardhi, jambo lenye uzito mkubwa Kwale, ambako visima vya vijiji vilikuwa jirani na kilimo cha miwa cha umwagiliaji na uchimbaji wa titani. Utafiti wa maji hayo uliwashirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, si Oxford peke yake. Lakini sehemu kubwa ya matokeo imechapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya wataalamu, ambayo mjumbe wa kamati ya kisima hana njia rahisi ya kuyafikia.

Udhaifu mkubwa ni fedha. Ada za watumiaji hazitoshi, na pengo huzibwa na mfuko wa udhamini. Isitoshe, mvua zikinyesha watu hukimbilia vyanzo vingine na pampu hutumika kidogo, ilhali mshahara wa fundi haupungui. Tena, wepesi wa matengenezo hausemi lolote kuhusu chumvi au vijidudu ndani ya maji yenyewe. Anayeitathmini huduma kwa siku za ukarabati pekee atakuwa amepima nusu ya kazi.

Kaunti inayotaka kuiga mfumo huu ingefanya vyema kuutengea mfuko wa udhamini fungu la kudumu katika bajeti yake kabla ya kununua kifaa hata kimoja.