Barakoa ya CPAP kwa anayelala ubavu: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Ukilala chali, karibu barakoa yoyote ya CPAP (mashine inayopuliza hewa ili pumzi isikatike usingizini) itakaa. Kazi inaanza ukigeuka. Shavu linazama kwenye mto, mto unasukuma fremu, kikombe cha silikoni kinanyanyuka upande mmoja, na hewa inapuliza moja kwa moja jichoni. Unaamka jicho limekauka, unakaza mikanda. Saa moja baadaye unaamka tena, sasa mwamba wa pua unauma. Wengi huchoka hapo hapo: barakoa inawekwa mezani, na kukoroma na kukatika pumzi kunarudi usiku ule ule.

Usikimbilie kujizoeza kulala chali. Kwa watu wengi pumzi hukatika zaidi wakiwa chali, kwa kuwa ulimi na nyama laini za koo hurudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Endelea na ubavu wako, ubadilishe barakoa.

Mimi huzipanga kwa kuangalia jambo moja: ni kitu gani kinakutana na mto. Plastiki ikiwa kidogo shavuni, mto hauna cha kusukuma.

Kwa hiyo naanza na zile za mito midogo ya puani. Hizi hazifuniki pua. Ni vimto viwili vya silikoni vinavyokaa kwenye midomo ya matundu ya pua, vikishikwa na mkanda mwembamba unaopita juu ya masikio. AirFit P10 ya ResMed ni mfano mzuri: mkanda wake umegawanyika mara mbili kisogoni, na ukitaka ukaze zaidi au ulegee unazisogeza tu hizo sehemu mbili, zikaribiane au ziachane. Hakuna bakoli ya kukuchoma shavuni. Anayevaa miwani anaweza hata kusoma kitandani akiwa ameivaa. Saizi ndiyo ya kuangalia kwa makini: kimto kidogo kuliko tundu lako huingia ndani na kuchubua, kwa hiyo jaribu zote kabla ya kuamua. Na kama mashine yako inapuliza kwa presha kubwa (mashine hizi huanzia 4 hadi 20 kwa kipimo cha sentimita za maji), ule mkondo wa hewa puani unaweza kukukera na kukukausha.

Ya pili ni ile inayokaa chini ya pua kama kitanda kidogo, mpira wa hewa (bomba linalotoka kwenye mashine) ukiunganishwa utosini: DreamWear ya Philips au AirFit N30i ya ResMed. Kama unageuka-geuka usiku kucha, kwako hii ndiyo ya kwanza. Sababu iko kwenye fremu. Ile mikono miwili inayoshuka mashavuni ni mirija yenye uwazi ndani, na hewa hupita humo. Ukilalia ubavu wa kulia, mrija wa kulia unabanwa na mto, lakini wa kushoto unaendelea kupeleka hewa puani. Ukigeuka, inabadilishana. Na kwa kuwa mpira uko juu ya kichwa, haukuzingi shingoni. Kasoro zake ni mbili. Asubuhi unaweza kuamka na mistari mashavuni, ambayo vifuniko vya kitambaa husaidia kuipunguza. Na kwenye nywele zinazoteleza, fremu hurudi nyuma kisogoni. Mara nyingi hilo linatokana na fremu kubwa mno, kwa hiyo pima na saizi ya fremu pia, usiishie kwenye saizi ya pua.

Ya tatu ni ya wanaopumua kwa mdomo: AirFit F30i au DreamWear Full Face. Zinafunika mdomo na kuishia chini ya pua, mpira ukiwa utosini. Lakini kwanza jiulize kwa nini unapumua kwa mdomo. Kama pua huziba, mwone daktari na uongeze unyevu wa mashine kabla ya kununua barakoa kubwa zaidi, maana ya mdomo na pua huvuja zaidi na aghalabu hudai presha ya juu zaidi. Na hapa pana jambo la usalama. Barakoa nyingi za aina hii hufungwa kwa sumaku. Philips mwaka 2022 na ResMed mwaka 2023 walitoa tahadhari: sumaku hizo zikae angalau sentimita 15 mbali na vifaa vilivyopandikizwa mwilini, kama kile cha kurekebisha mapigo ya moyo. Tahadhari hiyo inamhusu pia unayelala naye kitanda kimoja.

Ya nne ni barakoa ya pua ya pembetatu, kama AirFit N20 au Eson 2 ya Fisher & Paykel. Inastahimili presha kubwa vizuri, ila ukilala ubavu utahitaji mto uliokatwa pembeni, au ulale pua ikiwa nje kidogo ya ukingo wa mto. Ya mwisho ni ile kubwa inayoanzia mwamba wa pua hadi kidevuni. Inunue tu kama hizo nyingine zimeshindikana.

Vyovyote utakavyochagua, usiijaribu umekaa kitini. Nawa uso kwanza, kwani mafuta ya ngozi huifanya silikoni iteleze. Washa mashine kwa presha yako, lala ubavu uliouzoea, kaa hivyo dakika kumi na tano, kisha geuka. Ikivuja, pinga ile tamaa ya kukaza. Legeza mikanda, ivute barakoa mbele kidogo usoni ili silikoni ijae hewa, kisha iache irudi polepole. Mara nyingi uvujaji huisha hapo. Kwenye mashine za ResMed, uvujaji wa zaidi ya lita 24 kwa dakika huhesabika kuwa mkubwa. Angalia namba hiyo kila asubuhi kwa wiki ya kwanza. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama barakoa iliyokwisha kufunguliwa na kulaliwa bado inarudishika, na ndani ya siku ngapi.