Somo la dini kwa vijana: Kenya na Uingereza

Kenya huwatenganisha vijana kwa dini zao. Mwanafunzi wa sekondari husoma CRE, IRE au HRE, yaani Ukristo, Uislamu au Uhindu, kila somo na mtihani wake. Faida ni kina: wa IRE huingia kwenye Kurani, hadithi za Mtume na fiqhi (sheria za Kiislamu) kama mwenyeji. Wa CRE hupata pia urithi wa dini za Kiafrika. Ila anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuelewa kwa nini jirani yake anafunga Ramadhani.

Uingereza huwaweka darasa moja. Mtaala wa mji wa Birmingham wa 1975 ulifungua njia ya kufundisha dini nyingi pamoja, na sheria ya 1988 ikautambua Ukristo kuwa mkuu huku ikitaka dini nyingine kubwa zizingatiwe. (Mzazi anaweza kumtoa mwanawe katika somo hilo.) Hapo kijana huulizwa: wewe unaonaje, na kwa sababu gani? Swali hilo nalithamini mno. Wa miaka 15 tayari anawaza kifo na haki. Akinyimwa pa kuuliza, atauliza kwingine. Hatari ya mfumo huu ni kijana kubaki na majina ya sikukuu tu.

Ningeanza na kina cha Kenya, kisha kidato cha tatu niwakalishe pamoja, kila mmoja amweleze mwenzake anavyosali.