Jeli ya kushika maji kutoka agrovet Nakuru: maji inashika, lakini hiyo ya "kusikia joto" ni porojo

Nimekuwa nikitumia hii jeli kwa kitalu changu cha nyanya huku Rongai upande wa Nakuru tangu kiangazi kianze, na kwa vile watu wanazidi kuniuliza inbox kama ni pesa ya kutupa ama la, wacha niseme yote hapa mara moja. Nyota tatu kwa tano. Ingepata nne kama si yale maandishi ya kwa paketi.

Kwa wenye hawajaiona, ni chembe nyeupe ngumu, unaziloweka kwa ndoo zinavimba zinakuwa vipande vya jeli visivyo na rangi, halafu unachanganya na udongo wa trei ama wa shimo la mche. Nilinunua nusu kilo 450 kwa agrovet moja hapo town na jamaa wa duka akaniambia, "Madam, hii ni smart, jua likiwaka inasikia joto inajikunja inatoa maji kwa mizizi, usiku ikipoa inavimba tena." Na kwa paketi wameandika hivyo hivyo kwa herufi kubwa. Nyuma sasa, kwa herufi za kutafuta na miwani, wameandika potasiamu poliakrileti. Mi nafundisha kemia, hapo ndipo nilianza kucheka.

Jeli zote za hii familia ni nyuzi ndefu za molekuli zenye zimefungwa mafundo hapa na pale ndio zisiyeyuke. Maji yanataka kuingia, mafundo yanazuia nyuzi zisiachane, na hizo nguvu mbili zikilingana ndipo kuvimba kunaishia. Mafundo yakiwa mengi inavimba kidogo na inabaki ngumu, kama sweta iliyofumwa kwa kubana, haivutiki. Yakiwa machache inabeba maji mob lakini ukiishika inapondeka. Hii ya kwangu iko katikati, haipondeki ovyo ukichanganya na udongo, hapo nawapa heko.

Sasa poliakrileti ina vikundi vya kaboksili njia yote, kila kimoja na chaji hasi, na ayoni ya potasiamu (chembe yenye chaji chanya) kando yake. Chaji hasi zinasukumana, zile ayoni nazo haziwezi kutoka ziache chaji zao kwa hivyo zinavuta maji yaje ndani. Ndio maana hizi vitu hubeba maji safi mara mia kadhaa ya uzito wao, na ndugu yake wa sodiamu ndiye yuko ndani ya daipa za watoto. Lakini niambie, hapo kuna kitu gani cha kushtuka jua likiwaka? Hakuna.

Jeli ya kusikia joto iko kweli, si hadithi, ila ni molekuli nyingine kabisa. Inaitwa poli-N-isopropilakrilamaidi, na siri yake ni kwamba kila kipande cha uzi kina pande mbili zenye hazipatani: amaidi inayopenda maji na isopropili isiyoyataka. Kukiwa baridi maji yanashikana na amaidi kwa vifungo vya haidrojeni na yanajipanga kwa adabu kuzunguka ile isopropili, jeli inavimba. Ukipita kama nyuzi 32 za selsiasi yale maji yaliyojipanga yanatoroka, zile isopropili zinashikana zenyewe kwa zenyewe, jeli inakuwa nyeupe maziwa na inanywea ghafla. Toyoichi Tanaka wa MIT kule Marekani ndiye alionyesha mwaka wa 1978 kwamba jeli inaweza kunywea ghafla hivyo, ingawa hiyo ilikuwa ya akrilamaidi kwa maji na asetoni, na 1984 yeye na Hirokawa wakaonyesha hii ya isopropili ikifanya hivyo kwa maji matupu.

Na chenye hunifurahisha mimi (najua wengine mmeanza kuskroli) ni vile kitu kidogo kinabadilisha mambo. Chukua zile kaboni tatu za isopropili uzipange kwa mstari mmoja badala ya kugawanyika, joto la kunywea linashuka hadi ishirini na kitu. Zifunge ziwe duara, linapanda kupita 40. Idadi ya kaboni ni ile ile! Ukichanganya na asidi ya akriliki kidogo inavimba zaidi na joto la kunywea linapanda, ukizidisha hata inasahau kunywea kabisa. Lakini ukiongeza mafundo tu, kile kinapungua sana ni kiasi cha kuvimba, hilo joto lenyewe halisongi vile.

Basi nikaijaribu hii ya paketi. Niliivimbisha kwa maji ya mvua kwa glasi, nikaiweka kwa sufuria ya maji moto, joto likapita 50. Haikuwa nyeupe, haikunywea, imekaa tu. Nikatia chumvi ya jikoni kijiko kimoja, alaa! ikaanza kurudi chini mbele ya macho yangu. Kwa hivyo inasikia chumvi, joto haisikii.

Na hilo la chumvi ndilo muhimu kwetu kuliko porojo za jua, kwa sababu wengi huku tunatumia maji ya borehole na mengine yana sodiamu ya kutosha. Ayoni zikiwa nyingi nje, zile za ndani zinakosa nguvu ya kuvuta, badala ya mara mia unabaki na makumi. Mbolea ya CAN ndio mbaya zaidi, ile kalsiamu yake inashika kaboksili mbili kwa wakati mmoja, yaani unaongeza mafundo kwa jeli yako bila kujua. Loweka na maji ya mvua, mbolea ya CAN usiiweke kwa ndoo kabisa.

Hata wangeniletea ile ya isopropili yenyewe sijui ingenisaidia nini. Nakuru tuko juu ya mita 1,800, hewa ya mchana huku ni nadra ifike 32, kwa hivyo ingekaa imevimba tu labda udongo wa juu uchomeke. Kisumu sawa, mchana kule ingepata kazi. Lakini ikipashwa joto haraka ngozi ya nje inanywea kwanza inafungia maji ndani, mpaka watafiti wa Japani walipoiwekea nyuzi za ziada zinazoning'inia, 1995, ndio ikaanza kunywea kwa dakika badala ya hata zaidi ya mwezi. Na hiyo ni bei ya maabara, si 450.

Kwa kitalu sasa: miche ya trei zenye jeli inavumilia wikendi nikienda Kisumu, zile trei bila jeli napata imelala. Hiyo ndiyo kazi yake na inaifanya. Usijaze sana, ikizidi inasukuma udongo juu na mizizi inakosa hewa. Nusu kilo ni nyingi kwa trei, uliza kama wana paketi ndogo, na ukiona muuzaji ameanza stori ya kusikia joto geuza paketi umwonyeshe nyuma.