TAHADHARI MOSHI: Anayepita kwenye steshenari "kusajili IP" ni tapeli

Ndugu zangu wenye steshenari, vibanda vya kuprinti na ofisi ndogo, someni hii kabla hamjafungua kesho. Mama yetu wa Mbuyuni, mnamjua wote, kapigwa 120,000 mchana kweupe, wateja wamejaa kaunta. Siku tatu kanyamaza kwa aibu. Aibu si yake, ni ya yule kishoka.

Kijana kaingia msafi, kitambulisho shingoni, begi la laptop. "Shikamoo mama, natoka upande wa mtandao, tumeona neti yako inasumbua." Na kweli neti ilikuwa inakatakata tangu asubuhi, foleni ya watoto wanaoomba vyuo imefika mlangoni. Nani asingemkaribisha? Akakalia kiti cha mama, akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, akaandika cmd, kikatokea kile kidirisha cheusi. Akaandika ipconfig, akaweka kidole kwenye 192.168.8.101, yaani IP, anwani ya kompyuta kwenye mtandao: "Unaona hii IP? Haijasajiliwa, ndiyo maana unafungiwa." Kisha akaandika netstat. Mistari ikaanza kushuka polepole, mmoja, mwingine, mwingine. Akamwonyesha safu iliyoandikwa Foreign Address. "Foreign ni nini mama? Ni mgeni. Hawa wanaingia sasa hivi, hesabu." Mama akahesabu 17. Kompyuta hiyo ina vyeti vya watu na namba za NIDA za nusu ya mtaa, anaambiwa wageni 17 wamo ndani! Akatuma hela mikono ikitetemeka: 70,000 ya "usajili wa IP" na 50,000 ya "ulinzi wa mwaka".

Uongo mtupu. Anwani inayoanza na 192.168 ni ya ndani ya duka lako tu. Zimetengwa kwa kazi hiyo, pamoja na zinazoanza na 10 na zile za 172.16 hadi 172.31, ndiyo maana nyumba ya Pasua na nyumba ya Majengo zinaweza kuwa na namba ileile bila kugombana. Haisajiliwi popote. Ruta, kile kifaa kinachosambaza neti dukani, ndiyo inaigawa, bure, kila kompyuta inapoungana nayo. Ile ya nje, ambayo tovuti huiona, inatoka kwa kampuni inayokuuzia intaneti, na kwenye laini za simu mara nyingi watu wengi mnatumia moja kwa pamoja. Hakuna mtu wa kuja kukuuzia mlangoni.

Na wale "wageni"? Foreign Address ni upande wa pili wa mawasiliano, basi. Fungua barua pepe na kurasa mbili za chuo, mistari itafika kumi na kupita, mingi ikiishia na https. Inashuka polepole kwa sababu kompyuta inatafuta jina la kila anwani kabla ya kuliandika. Andika netstat -n uone, itamwagika yote mara moja.

Kinachochoma roho ni alichofanya baada ya kulipwa. Aliandika IP kwa mkono, 192.168.8.100, akasema "sasa imefungwa, ni yako peke yako". Lakini ruta ya pale inagawa namba kuanzia hiyohiyo 100. Kesho yake simu ya binti wa kaunta ikatangulia kuungana, ikapewa 100. Kompyuta ilipowashwa ikadai hiyohiyo, Windows ikalia kwamba kuna mgongano wa IP, neti ikafa. Mama akampigia, akajibiwa ulinzi "umeguswa", aongeze 50,000. Alijua itaharibika! Aliutega huo mtego kwa makusudi.

Kama ameshapita kwako, rekebisha mwenyewe. Windows na R, andika ncpa.cpl, Enter. Bofya kwa kitufe cha kulia kwenye Wi-Fi au Ethernet, ile unayotumia, chagua Properties, kisha bofya mara mbili Internet Protocol Version 4. Weka alama kwenye Obtain an IP address automatically, na usiisahau ya chini yake, Obtain DNS server address automatically, maana DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake, na ya tapeli inaweza kukupeleka kwenye kurasa feki ukidhani uko benki. OK, OK. Halafu fungua cmd, andika ipconfig /all. Mbele ya DHCP Enabled pasomeke Yes, yaani kompyuta inapokea namba kutoka kwa ruta yenyewe. Ukiona IP inaanza na 169.254, kompyuta haijapewa namba na ruta: angalia waya, zima ruta, subiri nusu dakika, washa. Na kama aliweka programu ya kuingilia kompyuta kwa mbali, iondoe leo, kisha badilisha nywila zote ukitumia kifaa kingine.

Huyu mtu akamatwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, si ya kupamba kabati. Arudishe 120,000 ya mama na ya kila aliyemla, asimame mahakamani watu wa Mbuyuni wamwone. Mkimwona msimpige, mzuieni kwa maneno na mpige 112. Ile namba yake ya simu iripotini kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ili ifungwe.

Dalili zake: hataji kampuni, ni "upande wa mtandao" tu. Risiti hana. Hela inaingia kwa jina la mtu binafsi. Na anapenda kuja foleni ikiwa ndefu. Mama anasema kiatu cha kulia kilikuwa na kamba nyeupe, cha kushoto nyeusi.