Vyumba vya kupangisha au kiwanja cha kusubiri? Hela yako ya Dar uiweke wapi

Ukiwa na kama milioni 60 hapa Dar kila dalali atakwambia ardhi haiozi, sawa, ila ada ya mtoto ya Januari kiwanja hakilipi. Kama huna mshahara wa kueleweka tafuta kodi kwanza, bei kupanda iwe nyongeza.

Namba moja kwangu ni nyumba ya vyumba Mabibo au Manzese, wanafunzi wa UDSM na vijana wa Kariakoo hawaishi kutafuta chumba. Ila piga hesabu mwenyewe usimsikilize dalali. Tuseme vyumba 6, kila kimoja elfu 80, mwaka mzima ni 5,760,000, unaona kama asilimia 9.6 ya hela yako. Sasa toa mwezi mmoja wa vyumba kukaa tupu, toa asilimia 10 ya TRA, toa kunyonya choo na mabati yanayovuja, weka laki 8, unabaki na kama 3,950,000, yaani asilimia 6 na kitu. Na hapo hujasuluhisha ugomvi wa LUKU, maana yule wa friji na yule wa taa moja wanachanga sawa, kama unaweza weka mita za pembeni mapema, kila chumba na mita yake ndogo, utalala usingizi.

Namba mbili, kiwanja kilichopimwa Kibaha au Madale. Hiki ni cha mwenye mshahara anayeweza kukaa miaka bila kukigusa. Kilichopimwa jamani, sio "shamba linakatwa vipande" na karatasi ya mjumbe. Nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi, yaani uhakiki mmiliki halisi ni nani, kabla hujatoa hata advansi.

Kigamboni naiweka ya tatu japo wengi watabisha. Daraja lilifunguliwa 2016 na kweli watu wamejenga, lakini waulize wenyeji mradi wa mji mpya uliotangazwa 2008 ulivyowakalisha miaka bila kuruhusiwa kuendeleza maeneo yao. Bei ya kusubiri mradi wa serikali inategemea ratiba ya serikali, sio yako.

Apatimenti za Upanga na Masaki kwa milioni 60 sahau, na hata mwenye hela aulize kwanza servisi chaji ya kila mwezi, lifti na jenereta, kwa sababu mpangaji akiondoka hiyo unaendelea kulipa wewe.