Droni ya Kukagua Paa la Nyumba Mtwara na Lindi: Ipi Inunuliwe na Ipi Iachwe

Malipo ya korosho yanapoanza kuingia, kuanzia Oktoba na kuendelea, nyumba nyingi za mikoa ya Mtwara na Lindi huezuliwa na kuezekwa upya, na wakati huohuo mvua huwa ziko njiani. Mwenye nyumba anabaki na wiki chache za kujua kama paa lake linahitaji misumari tu, kofia mpya (bati la kufunika mgongo wa paa), au bati zima. Njia iliyozoeleka ni kumwita fundi na ngazi. Tatizo ni kwamba bati lililoliwa na kutu halimwonyi anayelikanyaga, hasa huku pwani ambako hewa yenye chumvi huimaliza zinki mapema kuliko bara. Fundi akikosea akaweka mguu katikati ya papi mbili (mbao zinazobeba bati) badala ya juu ya papi yenyewe, bati linakunjika au anashuka nalo hadi darini. Hata asipoanguka, nyayo zake huweza kufungua matundu ambayo hayakuwapo alipopanda.

Droni, ambayo kwa Kiswahili rasmi huitwa pia ndege nyuki, inaondoa hatari hiyo, lakini tu ikiwa aliyenunua alijua anachokitafuta. Nimeona watu wakinunua kwa kuhesabu megapikseli (mamilioni ya pikseli, yaani nukta zinazounda picha) na umbali ambao droni inaweza kusafiri. Kwa kazi ya paa, umbali wa kilomita kumi hauna maana yoyote, na megapikseli peke yake hazitoshi. Cha kununua hapa ni lenzi inayokuwezesha kukaa mbali na bado ukaona kichwa cha msumari.

Nifafanue kwa hesabu, kwa sababu ndiyo msingi wa mpangilio wote utakaofuata. Kifuniko cha msumari wa bati kina upana wa takribani milimita 20. Lenzi pana ya milimita 24, ambayo ndiyo iliyo kwenye droni nyingi ndogo, ikiwa mita 5 kutoka kwenye bati huona eneo lenye upana wa zaidi ya mita 7 kwa picha moja. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4,000 kwa upana, kwa hiyo kila pikseli inabeba karibu milimita 2 za bati, na msumari wako unapata pikseli kumi hivi. Hizo zinatosha kuona kutu iliyouzunguka. Ukirudi nyuma hadi mita 10, msumari unabaki na pikseli tano au sita, na hapo unaanza kubahatisha. Lenzi ya milimita 70 ikiwa mita hizohizo 10 huona upana wa mita 5 tu, na msumari uleule unapata pikseli 16 kwa picha ya megapikseli 12. Yaani unasimama mbali maradufu na unaona vizuri zaidi.

Umbali huo una faida mbili ambazo mkazi wa Shangani, Ligula au Mikindani huku Mtwara atazielewa bila kuelezwa sana. Ya kwanza ni minazi na mikorosho, ambayo hukaa ubavuni mwa nyumba na matawi yake hutikiswa na upepo, pamoja na nyaya za umeme zinazoingia kwenye kona ya paa. Ya pili, ambayo mimi naiona kubwa zaidi, ni uani kwa jirani. Nyumba zetu nyingi zina bafu na choo cha uani visivyo na paa, na mama wa nyumba hufanya shughuli zake huko akiamini kwamba ukuta unamsitiri. Droni yenye lenzi pana inalazimika kusogea na kuzunguka, na mara nyingine kuvuka ukuta. Yenye lenzi ya mbali inaweza kufanya kazi yote ikiwa juu ya kiwanja cha mwenye paa, kamera ikielekea paa lake peke yake.

Kwa sababu hiyo ninaipa nafasi ya kwanza DJI Air 3, droni ya kampuni ya DJI ya China iliyotoka Julai 2023. Ina kamera mbili, ya milimita 24 na ya milimita 70, zote za megapikseli 48. Ina sensa za kukwepa vizuizi pande zote. Na kampuni inasema hukaa angani hadi dakika 46, ingawa kwa kazi halisi ya kusimama hewani na kupambana na upepo ni busara kuhesabu dakika thelathini hivi. Uzito wake wa gramu 720 unasaidia sana. Imeelezwa kuhimili upepo wa mita 12 kwa sekunde, yaani kilomita 43 kwa saa, wakati droni ndogo za Mini nitakazozitaja chini huishia mita 10.7. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini juu ya bati la nyumba inayotazama ghuba ya Mtwara au ya Lindi wakati wa upepo wa kusi, droni nzito hutulia na picha hutoka kali, wakati nyepesi hupambana kubaki mahali pake na hula betri haraka. Ilipotoka iliuzwa dola 1,099 huko Marekani. Ndugu yake mpya, Air 3S ya Oktoba 2024, ilitoka kwa bei hiyohiyo ikiwa na lenzi ileile ya milimita 70 na kamera pana iliyoboreshwa. Ukiikuta kwa tofauti ndogo ichukue, lakini paa halitakuonyesha tofauti kubwa.

Ununuzi huu unamfaa fundi anayetaka kufanya ukaguzi kwa malipo, au mtu mwenye nyumba kadhaa za kupangisha. Mwenye nyumba moja nitamrudia chini.

Nafasi ya pili ni DJI Mini 4 Pro ya Septemba 2023, iliyotoka kwa dola 759. Ina uzito usiofika gramu 250, kamera ya megapikseli 48, na sensa za pande zote, jambo ambalo kwa droni ya uzito huo halikuwa la kawaida. Haina lenzi ya mbali, kwa hiyo utalazimika kukaribia hadi mita 4 au 5, na hapo ndipo sensa zinapokulipa. Onyo moja tu: usizikabidhi sensa nyaya. Waya mwembamba wa umeme hauonekani kwazo kwa uhakika, na hakuna droni kati ya ninazozitaja hapa inayoweza kuaminiwa kuukwepa. Zunguka nyumba kwa miguu kwanza, uhesabu kila waya unaoingia, ndipo urushe.

Nafasi ya tatu naipa DJI Mini 3, bila neno Pro. Haina sensa za mbele wala za nyuma, ina za chini tu, lakini kamera yake ni nzuri, hukaa angani hadi dakika 38 kwa betri ya kawaida, na ina sifa moja ambayo watu huipuuza: kamera yake huinama kutazama chini kabisa na pia huinuka digrii 60 kutazama juu. Kwa mkaguzi wa paa hilo ni jambo kubwa, kwa sababu uozo wa fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa), viota vya nyigu na maji yanayovuja nyuma ya gata huonekana kutoka chini ya ukingo wa paa. Fundi mwenye mkono mtulivu na subira atafanya nayo kazi ya heshima, mradi kiwanja kiwe wazi. Kwenye kiwanja chenye minazi minne iliyobanana sitamshauri.

DJI Mini 4K, iliyotoka kwa dola 299, inashika nafasi ya nne. Inafaa kujifunzia, na kwa nyumba ya ghorofa moja asubuhi tulivu itakuonyesha bati lililong'oka au kofia iliyohama. Vidoa vya kutu kwenye misumari itakuwa vigumu kuviona. DJI Neo yenye gramu 135 niliiacha nje ya orodha kwa makusudi, kwani ilitengenezwa kwa kujipiga picha na huhimili upepo wa mita 8 kwa sekunde tu.

Nafasi ya mwisho, na hapa najua nitapingana na wauzaji, naipa droni ya gharama kubwa kuliko zote: zenye kamera ya joto kama DJI Mavic 3 Thermal, ambazo bei yake ni mara kadhaa ya Air 3. Si kwamba ni mbaya. Kamera ya joto hugundua unyevu uliofichama kwa sababu sehemu iliyolowa hupoa na kupata joto taratibu kuliko sehemu kavu, na hilo hufanya kazi vizuri kwenye mapaa bapa yenye tabaka za kuzuia joto. Paa letu ni bati moja jembamba juu ya papi na kenchi, halina tabaka la kushika maji, na bati jipya linalong'aa huakisi ubaridi wa anga hadi kamera inasoma uongo. Utalipa mamilioni ili uone picha nzuri ya rangi isiyosema kitu. Ipo sababu moja ya kuikodi kwa siku: ikiwa paa limebeba paneli nyingi za sola, kamera ya joto itaonyesha seli zilizoharibika kwa haraka sana.

Sasa nimrudie mwenye nyumba moja. Kwake mimi nasema asinunue. Ukaguzi mmoja kabla ya mvua na mwingine baada ya mvua kuisha mwezi Mei unatosha kwa mwaka, na kifaa kinachokaa kabatini miezi mingine yote betri zake huchakaa bila kazi. Amkodi mtu mwenye kibali, na amwambie mapema anachotaka: picha za kila upande wa paa kwa ukamilifu wake badala ya video ya kuzunguka, picha za karibu za kofia yote, za pale mapaa mawili yanapokutana na kufanya bonde, na za kila tundu lililopitisha bomba au waya, na mafaili yenyewe, si yaliyotumwa kwa WhatsApp na kupunguzwa ukubwa hadi msumari ukapotea. Kwa wenzetu wa Newala, Tandahimba na vijiji vingine vya uwanda wa Makonde, ambako maji ya juu ya ardhi ni haba na familia nyingi hutegemea kukinga mvua, waongeze picha za gata kuanzia mwanzo hadi linapoingia kwenye simtanki. Paa huko ni kisima, na gata lililopinda kwa sentimita chache hupoteza maji ya wiki nzima.

Suala la kibali lisiachwe hadi mwisho, kwa sababu linaweza kuifuta hesabu yote. Urushaji wa droni Tanzania unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, chini ya kanuni zilizotungwa 2018, na idhini ya Wizara ya Ulinzi nayo inahitajika. Usidanganywe kwamba droni ya chini ya gramu 250 haihusiki. Kiwango hicho kimetoka katika sheria za nchi nyingine. Anza na kibali, kisha ulipe. Kusini kwetu jambo hili lina uzito wa ziada: tupo mpakani na Msumbiji, tuna viwanja vya ndege vya Mtwara na Kikwetu (Lindi), na tuna mitambo ya gesi ya Madimba na Songo Songo. Vilevile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa picha za watu, kwa hiyo sura ya jirani ikiingia kwenye picha yako, ifute. Kabla ya yote hayo piga hodi nyumba za pembeni, mweleze mwenyekiti wa mtaa, na utaje saa utakayorusha ili mwenye kuoga aoge mapema.

Katika bei ya kununua ongeza betri mbili za akiba na seti mbili za mapanga yanayozunguka kuiinua droni kabla ya kufikiria kitu kingine. Rimoti yenye kioo chake ni bora kuliko kutumia simu, kwa sababu simu kwenye jua la saa sita huwaka moto na kioo chake hakisomeki. Pia programu ya DJI Fly kwa simu za Android haipatikani kwenye Google Play na lazima ipakuliwe kutoka tovuti ya kampuni. Ukinunua iliyotumika, hakikisha muuzaji ameiondoa kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, na ukiona betri imevimba hata kidogo, iache.

Rusha asubuhi. Mwezi wa Oktoba na Novemba, wakati wa tanga mbili, kusi imekwisha nguvu na kaskazi haijashika, na saa moja hadi saa tatu asubuhi hewa hutulia huku jua la pembeni likichora kivuli cha kila tundu na kila bati lililoinuka. Usiinyanyue kutoka kwenye mchanga, weka ubao au mkeka. Wala usiinyanyue juu ya bati au zege lenye nondo, kwani chuma huvuruga dira yake. Urefu wa kurudi nyumbani, yaani kimo ambacho droni hupanda inaporudi yenyewe ilipoanzia, uweke juu ya mnazi mrefu kuliko yote hapo. Mwewe akianza kuizunguka, ishushe na usubiri. Ukimaliza, kama ulikuwa karibu na bahari, ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu kabla ya kuifungia, maana chumvi iliyokula bati lako haitaziacha mota zake.