Toyota Vitz ya Kizazi cha Pili: Je, Inamfaa Dereva Mgeni?

Watazamaji wapenzi, karibuni. Gari lililo nyuma yangu ni Toyota Vitz ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2005 na kupisha kizazi cha tatu mwishoni mwa mwaka 2010. Nimeichagua kwa sababu hutajwa sana pindi mtu aliyepata leseni juzi anapouliza anunue gari gani lililotumika, na ningependa tuitazame kwa jicho la dereva huyo, ambaye bado hajazoea kukadiria upana wa gari wala hawezi kutambua kwa sikio kwamba injini inaumwa.

Kwa umbo, gari hili linamfaa sana. Lina urefu wa milimita 3,750 na upana wa milimita 1,695, na boneti yake ni fupi, hivyo anayejifunza kuegesha hahangaiki kubahatisha gari lake linaishia wapi. Linalonikera ni kwamba mita ya spidi imewekwa katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva. Wengi huizoea, lakini mgeni, ambaye macho yake tayari yana kazi nyingi, hulazimika kuyapeleka pembeni kila anapotaka kujua mwendo wake. Kizazi cha tatu kiliihamishia nyuma ya usukani, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipostahili kuwa tangu mwanzo.

Injini mtakazokutana nazo zaidi ni mbili, na namba ya chesisi itawaambia ni ipi hata kabla ya kufungua boneti: KSP90 ni ya lita 1.0 yenye silinda tatu, na SCP90 ni ya lita 1.3 yenye silinda nne. Zote mbili hutumia taimingi cheni, yaani cheni inayooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya makumi ya maelfu ya kilomita, ingawa cheni nayo huchakaa mapema iwapo oili imepuuzwa. Mimi ningempa mgeni ile ya lita 1.3. Ya lita 1.0 hula mafuta kidogo, lakini ikibeba watu wanne kupanda mlima huishiwa nguvu, na kulipita lori kunahitaji hesabu ambayo dereva mpya bado hajaijua.

Sasa nizungumzie giaboksi, kwa kuwa hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Nyingi za Vitz hizi, hususan zenye injini ya lita 1.3, zina giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za kupanda na kushuka bali mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili. Inahitaji oili yake maalumu ya CVT. Anayeijaza oili ya kawaida ya giaboksi otomatiki anaiharibu polepole, na dalili hazionekani siku hiyo wala wiki hiyo. Kwa sababu hiyo muulizeni muuzaji, kabla ya jambo jingine lolote, oili hiyo ilibadilishwa lini na ni ya aina gani, kisha mwombeni risiti. Gari likishapata moto, lisimamisheni kwenye mwinuko na kuliondoa taratibu: likitetemeka au kushtuka, au injini ikinguruma huku gari likisitasita kuondoka, liacheni hata kama rangi yake inang'aa. Vitz ya mwaka 2006 yenye kumbukumbu za matengenezo ina thamani kwangu kuliko ya mwaka 2010 iliyopigwa polishi na isiyo na karatasi hata moja.

Siku ya kulikagua gari, fikeni kabla injini haijawashwa, na mkikuta boneti ina joto, ulizeni kwa nini. Mkizungusha swichi, taa za ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki) na za eabegi ziwake kisha zizimike zenyewe. Taa isiyowaka kabisa huenda imenyofolewa ili kuficha hitilafu. Eabegi zenyewe zina habari ya ziada: baadhi ya Vitz za miaka hii zimo katika magari ambayo Toyota iliagiza yarudishwe kurekebishwa kwa ajili ya vijazio vya eabegi vya kampuni ya Takata, ambavyo kwa joto na unyevu wa miaka mingi vinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Tumieni namba ya chesisi kuhakikisha kwamba marekebisho yalifanyika. Tairi someni tarakimu nne za ubavuni. 2319 maana yake ni kwamba lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mpinzani wake wa karibu ni Honda Fit ya kizazi cha kwanza, ya tangu mwaka 2001. Tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma hulala kabisa na kuacha nafasi ya mizigo ambayo Vitz haiwezi kuifikia. Hata hivyo, injini yake ya i-DSI hutumia plagi mbili kwa kila silinda, yaani nane za kubadilisha kwa jumla, na giaboksi yake ya CVT inajulikana kwa kutetemeka wakati wa kuondoka oili inapochakaa. Anayebeba mizigo mara kwa mara aichague Fit. Wengine wote ningewaelekeza kwenye SCP90, mradi ipite jaribio lile la mwinuko.